Binti yangu wa darasa la tano kaniuliza: "Baba, kupasha ni kufanya nini?"

Sufuria Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mwezi wa tatu mwaka jana dada anayetusaidia kazi nyumbani alifiwa, akaondoka alfajiri na basi la Singida. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku, mimi nimekwama kwenye foleni ya Kimara na giza linaingia. Nikampigia jirani, akampelekea simu binti yangu. Ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano, na muhula ule alikuwa wa pili darasani. Nikamwambia maharage yapo kwenye friji, ayapashe wale na mdogo wake. Kimya. Halafu kwa adabu zote akauliza: "Baba, kupasha ni kufanya nini?"

Nilifika saa tatu kasoro nikawakuta wamekula mkate mkavu. Maharage yako mezani kwenye bakuli lake, yamepoa vilevile, kijiko kimewekwa pembeni kama hotelini. Jiko hakuligusa, na namshukuru Mungu hakuligusa, maana la gesi lile lisingemsamehe.

Usiku ule nilikaa najiuliza, hivi mimi kupasha nilifundishwa na nani? Sikumbuki mtu aliyenikalisha chini akanieleza. Nilikuwa natumwa, basi.

Nyie mliokulia ndani ya geti mnaweza msinielewe, lakini kutumwa ilikuwa shule kamili. "Kimbia kwa Mangi, mafuta ya taa nusu lita, kibiriti kimoja, chenji irudi." Mama anatema mate chini, inabidi urudi kabla hayajakauka. Njiani unayarudia maneno kama wimbo usije ukasahau, ukifika unakuta wakubwa wanne mbele yako na hakuna anayekuona, inabidi upaze sauti bila kuonekana huna adabu. Mangi anakurudishia pungufu, unasimama unahesabu. Na kupeleka mahindi mashineni je? Debe kichwani, foleni ya saa mbili, uwe unajua yanakobolewa kwanza au yanasagwa dona, ulinde zamu yako, kisha ukifika nyumbani ueleze kwa nini unga umepungua. Pale ndani kuna hesabu, kuna kumbukumbu, kuna kuongea na watu, kuna kutetea haki yako. Hakuna aliyeita somo.

Binti yangu hajawahi kutumwa popote. Saa kumi na moja na nusu alfajiri gari la shule liko getini, jioni analetwa mpaka getini. Chakula anakikuta mezani na nguo anazikuta zimenyooshwa. Anaweza kukutajia sehemu zote za ua, lakini mchicha hawezi kuuchambua.

Basi nikaamua kila Jumamosi asubuhi ni yetu sisi wawili. Nilianza vibaya, niseme ukweli. Nilibandika karatasi mlangoni mwa friji yenye mambo ishirini: kufua, kupiga deki, kupiga pasi, kushona kifungo, kusonga ugali, na mengine. Wiki mbili ikafa. Mtoto alikuwa anafanya kila kitu mara moja, anaweka alama ya vema, anaondoka. Kama mtihani.

Nikaifuta. Nikabaki na jambo moja, na sheria moja: jambo limeisha siku atakapolifanya mimi sipo nyumbani. Soksi zilichukua Jumamosi tatu. Uji ulichukua tano, kwa sababu ya mabonge, mpaka akagundua mwenyewe kwamba unga unakorogwa kwanza na maji baridi pembeni. Ningeweza kumwambia siku ya kwanza. Nilijiziba mdomo kwa shida sana, tukala mabonge.

Jiko la gesi lilichukua mwezi mzima, na wiki ya kwanza hatukuwasha kabisa. Tulinusa tu. Nilimfundisha harufu ya gesi iliyovuja, kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatambaa chini sakafuni kama maji, kwamba ukiisikia huwashi taa wala huzimi, unafungua mlango na madirisha, unafunga mtungi kama unaufikia, unatoka. Kisha kibiriti: washa njiti kwanza ndipo ufungue gesi, usifanye kinyume chake. Siku alipowasha peke yake mkono ulikuwa unatetemeka. Wangu pia, nyuma ya mlango.

Sasa hoja yangu hapa jukwaani. Wengi wenu mtasema shule ifundishe. Mimi naona tulichowanyang'anya watoto ni kutumwa, na sijui kama shule inaweza kukirudisha. Walimu mko humu, naomba mnisahihishe. Na wazazi, wa kwenu alianza na nini, akiwa na umri gani?

---

Chaki Nyeupe

Mkuu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mwaka wa kumi na tisa huu. Nakuunga mkono nusu.

Shule iliwahi kujaribu. Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa kwamba wengi wanaomaliza shule ya msingi hawaendi mbele, kwa hiyo elimu hiyo iwe kamili yenyewe, na shule iwe na shamba au karakana ambayo wanafunzi wenyewe wanaipanga, wanaiendesha na kuona matunda yake. Msisitizo hapo kwenye *wenyewe wanaipanga*. Hiyo ndiyo sehemu tuliyoitupa mapema kabisa.

Tulichobaki nacho ni jembe. Umechelewa paredi, kalime. Umeongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, kachote maji. Mtoto anajifunza kwamba kulima ni kitu wanachopewa wenye makosa, halafu akimaliza tunamlaumu anakimbilia mjini. Sisi wenyewe tulilifanya jembe kuwa fimbo.

Baadaye lilikuwepo somo la Stadi za Kazi. Nilifundisha kushona kifungo kwa chaki, jamani. Darasa lilikuwa na watoto 112 na sindano moja, ya kwangu. Nilichora sindano ubaoni, nikachora kifungo chenye matundu manne, nikaandika hatua sita, wakanakili kwenye madaftari. Kwenye zoezi wengi walipata nane au tisa juu ya kumi. Wangapi waliweza kushona? Sikuwahi kujua. Na jambo lisiloulizwa kwenye mtihani wa kumaliza shule hata mzazi halifuatilii. Somo likipangiwa kipindi cha mwisho Ijumaa unajua wakubwa wamelionaje.

Mtaala umebadilika tangu hapo. Ulioanza Januari 2024 unataka umahiri, mtoto atende, na madarasa ya chini wana somo zima la kutunza afya na mazingira. Karatasi ni nzuri. Ila sindano bado ninayo ile moja. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hatuwezi kumwambia mtoto aje na mia mbili ya vifaa, na sipingi, maana kuna watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa hiyo mia mbili. Nasema tu vifaa vinatakiwa vitoke mahali.

Kilichonifaa mimi ni mchicha. Niliwagawa makundi ya watoto wanane, kila kundi viroba vitatu vilivyotobolewa chini, udongo na samadi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizimwaga hivihivi zinaota kama nywele, kwa hiyo wanazichanganya na mchanga mkavu kwanza. Wiki tatu mpaka nne unavuna. Ndani ya muhula mmoja kundi linapanda, linakosea, linapanda tena, na hapo kwenye *tena* ndipo elimu ilipo. Kila kundi lina daftari: mbegu bei gani, tumeuza mafungu mangapi, nani alimwagilia Jumapili. Kundi moja mbuzi wa jirani alimaliza viroba vyote usiku mmoja. Nilidhani watalia. Wakaandika barua kwa mwenye mbuzi! Barua ya Kiswahili safi kuliko insha yoyote waliyowahi kuniandikia. Akawalipa elfu tatu.

---

Kiazi Kitamu

Uzi mzuri lakini naona watu wanaanza kukumbuka shida kwa utamu.

Mimi hizo stadi nilizipata. Tulibeba tofali za nyumba ya mwalimu mkuu. Tulichota maji ya kufulia nguo za mke wake. Wasichana walikuwa wanaitwa wakati wa masomo wakapike chai ya walimu, na hadi leo dada yangu anasema kipindi cha hisabati alichokikosa mara nyingi ndicho kilichomwangusha. Yote yaliitwa Elimu ya Kujitegemea. Aliyejitegemea ni nani pale?

Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumtumikisha mtoto, na umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Mkianza kusifia jembe shuleni, kuna watu wanasubiri tu upenyo. Mwanangu akiambiwa abebe tofali naenda naye, na tofali nabeba mimi.

---

Sufuria Nyeusi

Kiazi, hapo sina ubishi. Kipimo changu kimoja tu: jioni ikifika, faida ya ile kazi inalala nyumba gani? Mtoto akifua soksi zake, soksi ni zake. Akifua za mwalimu, huyo ni kibarua asiyelipwa.

Ila kuna eneo la katikati linanisumbua. Binti yangu akiosha vyombo vya nyumba nzima, anajifunza au ananipunguzia kazi? Nadhani vyote viwili, na watoto wanajua tofauti kutokana na kama sisi wakubwa tunaosha pia. Tangu nianze kuosha vya Jumapili, manung'uniko yamepungua.

---

Matatu ya Mwisho

Salamu kutoka Nakuru. Ngoja niwape ya huku ndio mjue mtaala peke yake hautoshi.

Sisi tulianza na mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) mwaka wa 1985, na nia ilikuwa hiyo hiyo ya mikono. Sayansi kimu (mapishi na kazi za nyumbani), kilimo, sanaa na kazi za mikono, vyote vilikuwa katika shule ya msingi. Mimi nilifuma mfuko wa kamba za katani ambao mama aliutumia miaka mingi sokoni. Baadaye vikaondolewa kwenye mtihani, na ilipofika hapo ndugu zangu hata mwalimu alisahau sindano za kufumia zilikuwa kabati gani.

Kisha ikaja CBC, mtaala wa umilisi. Ulienea kuanzia 2019 kwa gredi za chini ukapanda nao, na KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ikafanywa 2023. Nakubali kuna mazuri. Mtoto wangu wa gredi ya nne anajua kutenganisha taka, anajua lishe, ana ujasiri wa kusimama mbele ya watu ambao mimi sikuwa nao hadi nikaoa.

Lakini ile miradi ya nyumbani! Mnakumbuka mwaka wa 2021 wazazi walivyojaza mitandao na picha za sanamu za kutishia ndege shambani? Mimi ni mmoja wao. Kazi ilitoka Alhamisi, nikaambiwa saa tatu usiku. Hatuna shamba, tunakaa orofa ya nne. Nikakata fito za fagio, nikatoa shati langu la kazi, nikajaza magazeti, nikachora macho. Mtoto alilala saa nne. Asubuhi nikaipeleka mwenyewe kwa pikipiki, watu wa stendi wakidhani nimebeba mgonjwa. Wiki iliyofuata ripoti ikaja: amezidi matarajio. Mimi ndiye niliyezidi matarajio! Mtoto hajui hata lile shati lilienda wapi.

Kwa hiyo mwenye uzi, ile sheria yako ya "mimi sipo nyumbani" ningependa iandikwe kwenye mtaala wetu. Mradi ambao mtoto hawezi kuufanya bila mzazi si mradi wa mtoto.

---

Nesi wa Zamu

Naona mnaongelea vifungo na mchicha, sawa. Mimi nawaandikia nikiwa natoka zamu na nina hasira kidogo, mnisamehe.

Watoto wadogo wanaoletwa kwetu wengi wameungua uji au chai, wamekunywa mafuta ya taa, au wameharisha mpaka macho yameingia ndani. Mara nyingi mkubwa alikuwa nje, na aliyekuwa karibu ni mtoto mwenzie wa miaka tisa au kumi. Huyo wa miaka tisa ndiye mhudumu wa kwanza, kama hajui kitu basi.

Aliyeungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini. Hakuna bomba? Mmwagie taratibu kwa kopo. Si dawa ya meno, si yai, si unga wa ngano, si mafuta ya kula. Tunatumia muda mrefu kuondoa dawa ya meno kwenye kidonda cha mtoto anayelia kuliko kutibu chenyewe. Mtoto wa darasa la pili anaweza kushika hili, nimewafundisha wa kwangu kwa mchezo, mmoja "ameungua" mwingine anahesabu dakika.

Mafuta ya taa wakubwa ndio tunayaweka kwenye chupa ya soda kisha tunashangaa. Mtoto ajue kwamba mwenzie akiyanywa hatapishwi, halazimishwi maziwa, anakimbiziwa mkubwa na kupelekwa hospitali. Akitapishwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vya mfuto, nusu kijiko kidogo cha chumvi cha mfuto. Pakiti za dawa za dukani ni bora zaidi, ila usiku wa manane duka limefungwa. Aonje kabla ya kumpa mdogo wake, na yakiwa na chumvi kuliko machozi amwage aanze upya. Hilo la machozi watoto hawalisahau kabisa, kila mmoja anajua ladha ya machozi yake.

Jiko la mkaa haliingizwi chumba cha kulala, hata kama baridi ya Mbeya inauma mifupa. Ile hewa yake ya sumu haina harufu wala moshi wa kukushtua.

Na namba! Waulizeni watoto wenu usiku huu namba ya simu ya mama. Zamani tulizikariri, sasa zimo ndani ya simu, na simu ikiwa haipo mtoto ni bubu. Yangu, ya baba yake, halafu 114 ya zimamoto, 112 ya polisi, na 116 ambayo ni ya mtoto mwenyewe, bure, akifanyiwa jambo na mtu mkubwa. Hapo tena msione haya. Mtoto ajue sehemu zake za siri kwa majina yake halisi, na ajue kwamba mkubwa anayesema "usimwambie mama" ndiye wa kuambiwa mama kwanza.

Nimemaliza, naenda kulala.

---

Mama Wavulana Watatu

Nesi pumzika mpenzi, umefanya kazi.

Mleta mada umezungumzia binti. Nina swali la uchokozi: huyo mdogo wake aliyekuwa anasubiri maharage ni wa kiume? Na yeye ana Jumamosi yake?

Wangu ni wavulana watatu na wote wanapika. Mkubwa ana miaka kumi na mbili, anasonga ugali wa watu sita, mwiko anaushika kama fundi. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini akamkuta jikoni, akakaa kimya siku nzima. Usiku akaniita: "Mwanangu, mnamlea huyu awe mke wa nani?" Nikamwambia mama, jana jioni ulikula chipsi mayai pale kituoni ukazisifia, nani alikaanga? Mwanaume. Pilau ya harusi ya Mwajuma ile mliyokula mpaka mkafunga kwenye mifuko, masufuria makubwa yale walipika akina nani? Wanaume. Hizo zenye malipo jikoni hamjawahi kuzionea aibu.

Akacheka, ingawa hakukubali. Lakini siku ya kuondoka alimwita yule mjukuu akamwonyesha kwa siri namna yake ya kuunga mlenda kwa karanga, jambo ambalo mimi mkwe wake ananinyima mwaka wa kumi na tatu sasa.

Kuhusu umri: miaka mitano kukunja nguo zake na kupanga viatu. Saba kuosha vyombo visivyovunjika, kuchambua mchele, kufagia. Nane kisu kidogo, nyanya kwanza, kitunguu baadaye. Moto tisa au kumi, na hapo nakaa karibu. Kisu butu ndicho kinachokata watoto, kwa sababu wanakilazimisha. Wapeni kinachokata na muwaonyeshe vidole vinakaaje.

---

Mwana wa Bahari

Assalam alaykum. Naandika kutoka Unguja, na nastaajabu hamjamtaja mtoto na maji.

Sisi tumezungukwa na bahari, na watoto wa kiume wengi hujifunza kuogelea wenyewe kwa kutupana gatini. Watoto wa kike ndio waachwao. Wanakwenda kuchokoa pweza na kulima mwani, maji ya kifua, na bamvua (maji makubwa) likija hawajui hata kuelea. Kule Nungwi ulikuwepo mradi wa Panje, uliowafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na wengine walianza kwa kushikilia madumu matupu ya njano. Wazee wengi walikuwa na wasiwasi wa stara, walipoona nguo zimestiri na walimu ni wanawake, walilegea.

Kinachofunzwa mwanzo si kupiga mbio majini. Ni kulala chali na kuelea, tumbo juu, pumzi taratibu. Mtoto anayeweza kuelea ana muda, na mwenye muda anaweza kuitiwa mtu. Kisha lipo moja ambalo nataka kila skuli ya pwani na ya ziwani iliseme: mwenzio akizama usijitupe. Tupa dumu tupu lililofungwa, tupa kamba, nyoosha upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo), piga kelele. Mtu anayezama humkumbatia aliyekuja kumwokoa, na mara nyingi maiti huwa mbili.

Dumu tupu kila nyumba lipo. Sindano ya Mwalimu Chaki ni moja, lakini madumu tunayo.

---

Kiazi Kitamu

Nimesoma yote, nimelainika kidogo, ila swali langu la mwisho: muda uko wapi? Wa kwangu anafika saa kumi na mbili jioni, ana mazoezi ya masomo manne, Jumamosi ana twisheni. Anayeweza kunionyesha saa moja ya ziada namlipa.

---

Chaki Nyeupe

Kiazi, mimi mwalimu nakwambia, katika yale mazoezi ya masomo manne mawili hayasahihishwi. Usiseme umesikia kwangu.

---

Sufuria Nyeusi

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya.

Mama Wavulana umenipiga pabaya. Mdogo ni wa kiume, ana miaka saba, na hakuwa na Jumamosi. Ameanza juzi na mchele. Anachambua punje moja moja, tutakula Krismasi.

Kiazi, muda sikuupata, niliuiba. Twisheni ya Jumamosi nilimkatisha. Muhula uliofuata aliteremka kutoka wa pili hadi wa sita. Siwezi kuwaambia haikuuma, na mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Ila nina jambo sikulisema mwanzo kwa sababu linaniaibisha. Dada wetu alirudi kutoka msibani baada ya wiki tatu. Nikampa habari kwa furaha kwamba mtoto sasa anapika uji, anafua soksi. Uso wake ukabadilika. Siku chache nikaona sabuni inafichwa, vyombo vinaoshwa kabla mtoto hajaamka, jiko limeshawashwa. Nikamkalisha. Akasema polepole: "Kaka, akishajua vyote mimi nitabaki wa nini?"

Sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Huyu ana miaka ishirini na nne. Alitumwa tangu ana miaka sita, anajua kuwasha moto kwa kuni mbichi wakati wa mvua, anajua kumwangalia kuku akaona anaumwa, anajua bei ya kila fungu la nyanya kutoka Mabibo hadi Mbezi. Mimi nilikuwa nakaa na karatasi mlangoni mwa friji najifanya mwalimu, na mwalimu mwenyewe yuko ndani anaosha vyombo. Shule aliiacha darasa la nne, na maelezo ya dawa za mwanangu mdogo alikuwa anakariri kwa rangi ya kopo.

Tulipatana hivi. Jumamosi ni yake kufundisha na nimemwongezea mshahara kwa hiyo kazi, maana ni kazi. Jumapili jioni binti yangu anasoma naye kurasa mbili. Wanagombana sana. Binti yangu ni mkali kama mkaguzi, na dada naye siku yake akilipiza, ugali ukiwa na bonge unarudiwa.

Sasa la kutumwa. Wiki iliyopita nilimpa binti elfu kumi, aende kwa Mangi peke yake, nyumba ya sita kutoka kwetu: sukari kilo moja, sabuni ya mche, njiti za kiberiti. Nilisimama dirishani kama mwizi. Alirudi na kila kitu, ila chenji ilipungua elfu moja. Nikamwambia hesabu. Akahesabu mara mbili, akanywea. "Baba, twende wote." Nikakataa. Alikaa kwenye ngazi kama dakika kumi, akaondoka. Sikusikia walichoongea. Alirudi na elfu moja mkononi na pipi moja ya pole, akaniambia Mangi kasema alikuwa anampima. Huyo Mangi ni muongo, lakini nampenda.

---

Matatu ya Mwisho

Pipi ya pole, hiyo ni sawa na kuzidi matarajio.

---

Chaki Nyeupe

Na kifungo? Kwenye ile karatasi ya friji kilikuwemo. Naulizia kwa sababu zangu binafsi.

---

Sufuria Nyeusi

Kifungo kimeshonwa, mwalimu, na kimekaa imara mwezi wa pili huu. Kakishona kwa uzi mwekundu kwenye shati jeupe la shule. Mwalimu wa zamu alimwita paredi akamuuliza ndio nini, akamjibu uzi mweupe uliisha nyumbani.

Kesho anatumwa kuununua.